Mtungi Uliolala Mpakani

Shule ya Zamani, chumba cha mwisho,
Mpakani mwa Juu na Chini.
Jumatatu, tarehe 3.

Mpendwa Shangazi,

Wajina wako ameingia kwenye beseni. Sasa hivi tu, nikiwa natafuta kalamu, nimegeuka nikamkuta amejipakia mwenyewe ndani ya beseni langu la kuoshea. Namshukuru Mungu lilikuwa kavu. Amekunja magoti, amejaa humo sawasawa kama aliyepimiwa, anapiga ukingo kwa kijiko na kunitazama kama abiria anayemuuliza dereva tunaondoka saa ngapi. Nilitaka kumtoa nikashindwa. Nimemwacha humo, nami nimekaa sakafuni kando yake, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Shikamoo Shangazi. Nimeanza na mtoto nikasahau adabu, nisamehe. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama betri bado unaipaka? Na mzee wako bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, mume wangu mzima ila mgongo, na wajina wako ana meno mawili ya chini, la juu linachungulia. Mama ni mzima. Kwa baba nitafika, nivumilie kidogo.

Blanketi limefika. Mtoto analipenda upande wa pindo tu, analinyonya. Asante sana.

Uliuliza kama ni kweli watu wazima wamegombana kwa ajili ya chungu kilichovunjika. Ni kweli, Shangazi, ila si chungu, ni mtungi. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana ukimuuliza wa Juu utaambiwa hivi na ukimuuliza wa Chini utaambiwa vile. Mimi niliyezaliwa kijiji cha Chini nikaolewa kijiji cha Juu natukanwa na pande zote mbili, kwa hiyo nadhani naweza kusema kwa haki.

Ulikuwa mtaro wa bomba la maji. Watu wa Juu walichimba kushuka, watu wa Chini walichimba kupanda, wakutane pale mpakani penye jiwe jeupe. Na kweli wakakutana, sururu za pande zote mbili zikagonga kitu kimoja. Ulikuwa mtungi mkubwa wa udongo mweusi, umelala ubavu, mdomo umeelekea Chini, kitako kimeelekea Juu, na mpaka umepita katikati ya tumbo lake. Badala ya kumwita mtu anayejua, kila upande ukavuta. Watu wa Chini wakaondoka na mdomo, shingo na mabega. Watu wa Juu wakaondoka na tumbo na kitako, pamoja na udongo uliogandia humo.

Basi hapo ndipo akili zilipotutoka. Juu wakaweka bango barabarani, KARIBU PENYE MTUNGI WA KWANZA DUNIANI. Haikupita wiki Chini nao wakaweka lao, KARIBU PENYE MTUNGI WA KWANZA KABLA YA ULE WA JUU. Sokoni ukisikia "hao watu wa kitako", ujue ni Juu wanaosemwa, na "hao wenye mdomo" ni sisi, yaani wao, yaani hata sijui niseme nani.

Kinyozi wa Juu alikuwa anamnyoa dereva wa trekta wa Chini, amefika katikati ya kichwa, mazungumzo yakaingia kwenye mtungi. Dereva akasema, "Mtungi bila mdomo si mtungi, hilo ni karai." Kinyozi akazima mashine. "Basi nenda na nusu yako kama mlivyozoea." Na dereva akaenda hivyohivyo, akashinda na kofia mpaka nywele zilipoota zikalingana. Nilikuwa na tumbo la wajina wako wakati ule, nikacheka mpaka mume wangu akaniambia niache, nitaanza uchungu kabla ya siku.

Ningependa barua iishie kwenye kichekesho hicho, Shangazi.

Nusu mtungi ukiusimamisha ukumbini hauheshimiki. Kwa hiyo kila upande ukatafuta fundi wa kuukamilisha. Kule Chini fundi ni nani kama si baba? Na huku Juu fundi ni nani kama si mume wangu, aliyefundishwa kushika mwiko na baba huyohuyo? Baba akaumba kitako cha saruji, kipana, bapa, akasema huu hauanguki hata ng'ombe akiusukuma. Mume wangu akaumba shingo ndefu yenye maringo kama ya bata. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ikawa mitungi miwili mizima, kila mmoja wa kwanza duniani, na wageni waliona mmoja Juu, wakashuka wakaona mwingine Chini, wakaondoka wakisema eneo letu limebarikiwa mitungi.

Baba akapanda kuja kutazama ile shingo. Akauzunguka mtungi, akasema mbele za watu, "Huyu nilimfundisha mimi kushika mwiko. Kumbe nilisahau kumfundisha kuuweka chini." Mume wangu huwa hamjibu baba, unamjua. Siku hiyo akajibu. "Na kile kitako chako, Baba, si kitako, ni msingi wa choo." Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alichukua toroli lake akashuka. Unalijua lile toroli, Shangazi, gurudumu linalia mpaka mbwa wanaamka, na hataki kulitia mafuta kwa sababu anasema fundi lazima asikike anakuja. Nililisikia likilia hadi kona ya mwisho. Huku Juu sijalisikia tena tangu siku hiyo.

Wajina wako alizaliwa baadaye. Baba hajamwona.

Nimempeleka. Mara ya kwanza alitoroka kwa mlango wa nyuma. Mara ya pili alikuwa ukumbini kwenye mtungi wao, maana ufunguo anao yeye, akajifungia na kuniambia kupitia mlangoni kwamba ana wageni. Nikachungulia dirishani. Alikuwa peke yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameutazama mlango. Sikugonga tena. Nilimbeba mtoto tukarudi zetu, na kilima siku hiyo kilikuwa kirefu.

Unamkumbuka mwanangu wa kwanza, Shangazi. Sitaandika mengi, wewe ulikuwepo. Lakini unakumbuka walivyojenga kile kijikaburi wakiwa wawili, baba na mume wangu? Mmoja anachanganya, mwingine analainisha. Na mwishoni baba akamalizia kingo kwa kidole, kwa sababu mwiko ulikuwa mkubwa mno kwa kazi ile. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti ulichoniletea, nikakiona kile kidole kikienda taratibu pembeni. Sikusahau. Ndiyo maana hainiingii akilini kwamba watu hao hawasalimiani kwa sababu ya shingo na kitako.

Sasa nikwambie kuhusu kazi, maana nina kazi. Alikuja mtaalamu wa mambo ya kale, mwanamke, tunamwita Dada Brashi kwa vile amejaza brashi ndogo ndogo mfukoni. Serikali ilimtuma kuutazama ule mtaro. Akapewa chumba hiki cha shule ya zamani kwa sababu kiko mpakani, mlango Juu, dirisha Chini, hakuna wa kununa. Akanichukua niwe naosha vigae vilivyookotwa mtaroni, na akakubali nije na mtoto. Kazi yenyewe ni beseni, maji na mswaki laini. Husugui, unabembeleza. Pale kilipovunjika huruhusiwi kupagusa kabisa, maana ndipo kitakapokutana na mwenzake. Kisha unaanika kivulini juu ya wavu.

Amenifundisha na kuunga. Unapaka gundi, unaegemeza vipande kwenye trei ya mchanga, unaviacha vilale humo vyenyewe mpaka vikauke. Bila mchanga itabidi ushike kwa mkono, na mkono unatetemeka hata ukijikaza vipi. Naipenda sana ile trei. Nikifika asubuhi naanza kwayo, naulainisha mchanga hata kama siku hiyo hakuna cha kuunga.

Yeye Dada Brashi alishawaambia tangu alipofika kwamba mtungi huu ni wa watu waliokaa hapa zamani mno, kabla babu wa babu zetu hawajajua hata njia ya kuja huku. Kwa hiyo si wa Juu wala si wa Chini. Walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, wakaendelea kugombana.

Halafu akaomba autoe ule udongo uliogandia kwenye tumbo la mtungi. Mume wangu alipojenga shingo hakuutoa, aliusawazisha tu kwa kiganja akajenga juu yake. Juu wakakubali upesi wakauleta hapa, kwa sababu walikuwa na uhakika chini yake kuna dhahabu. Mwenyekiti alikuja na koti lake la mikutano, akaketi pale kwenye dawati, na wajumbe wake nyuma yake, wakisubiri dhahabu. Shingo ikatobolewa upande, Dada Brashi akawa anachota kwa kijiko, ananipa mimi, nami napitisha kwenye chungio kwa maji.

Nikaona vitu vidogo vyeupe vinabaki kwenye chungio. Nikadhani mbegu. Vilikuwa na matundu. Nikainua kichwa nimwonyeshe, nikakuta ameacha kuchota. Aliweka kijiko chini, akawaambia wale wazee kwa sauti ndogo, "Naomba mvue kofia." Hakueleza. Wakavua.

Alikuwa mtoto, Shangazi. Mchanga, mdogo kuliko huyu aliye kwenye beseni. Amelala amekunja magoti. Mtungi haukuwa wa maji hata siku moja. Dada Brashi anasema watu wale wa kale walimzika humo yule ambaye hajaweza kutembea, wakamlaza ndani ya udongo kama anarudishwa tumboni, wakaufukia. Tulikuwa tumegawana jeneza la mtoto wa mtu, tukaliwekea bango.

Mwenyekiti alitoka nje akashika ukuta. Bango la Juu halikuonekana tena barabarani kesho yake, na hakuna aliyeuliza nani kaling'oa.

Mume wangu alirudi nyumbani akanawa mikono. Akanawa tena. Nikamwekea chakula, akasema, "Nilimpapasa, mke wangu. Kwa kiganja hiki. Nikawa napiga mluzi." Hakula. Asubuhi akaja hapa na nyundo ndogo akaibomoa shingo yake mwenyewe, kipande kwa kipande, asije akaugusa ukingo wa kale. Watu walisimama dirishani kumtazama, hata kinyozi alikuwepo.

Basi Juu wamekubali. Mtungi uunganishwe, upimwe na kuchorwa, mtoto alazwe ndani, urudishwe palepale ulipokuwa umelala, na bomba lizungushwe. Kinachokosekana ni mdomo. Kamati ya Chini inasema mwenye ufunguo ndiye mwenye uamuzi, maneno ya woga tu hayo, na mwenye ufunguo anasema ni hila. Mama ameniletea maneno yake kama alivyoyasema. "Wameshindwa kwa shingo, sasa wanakuja na msiba."

Na Dada Brashi anaondoka mwisho wa mwezi huu. Mdomo usipokuja, mifupa itatiwa kwenye boksi lenye namba ipelekwe ghala la serikali, ikae rafuni pamoja na mengine. Simlaumu, ndiyo sheria ya kazi yake, na aliponiambia alikuwa anatazama pembeni. Lakini mimi nikiliwaza lile boksi usingizi unaniruka. Mwenzangu yule, sijui alikuwa mama wa aina gani, sijui alilia kwa lugha gani, ila alihakikisha mwanawe amelala mahali pa duara.

Nimejaribu jambo moja. Vile vyeupe vyenye matundu vilikuwa shanga, na nyingine zilikutwa zimejipanga bado kwenye donge la udongo, duara kamili, zilivyokuwa mkononi mwa yule mtoto. Siruhusiwi kuzitoa humu. Kwa hiyo nilichukua uzi mweusi, nikauzungusha juu ya duara lile, nikaukata na kuufunga fundo. Mama alipokuja siku ya soko nikampa, nikamwambia, "Mpe baba. Usimwambie kitu, mpe tu." Mama akaujaribu kwanza kwenye mkono wa wajina wako. Ukapita vidoleni ukakwama, haukuvuka kiganja. Mama akaufunga kwenye pindo la nguo yake akaondoka bila kuniaga, na mama si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Tangu hapo kimya.

Ndiyo maana naomba, Shangazi. Mwandikie. Simu najua huipendi, na baba ukimpigia husema mtandao mbaya hata kama anayempigia amesimama uani kwake. Lakini barua yako huisoma amevua kofia. Wewe ndiye dada yake mkubwa, wewe ndiye uliyembeba mgongoni, hana mwingine wa kumwogopa duniani. Dereva wa lori la saruji anapita kesho asubuhi, nitampa hii mkononi, ukijibu upesi itamkuta kabla ya mwisho wa mwezi.

Usimwambie amekosea, hapo tutampoteza. Wala usimwambie mume wangu amejuta, atasema kachelewa. Mwambie tu kwamba ule mdomo ndio uliomfunika yule mtoto miaka yote hiyo, na aliyeutunza usivunjike ni yeye, kwa hiyo aulete yeye, asiagize mtu. Na mwambie hivi. Nusu mbili zikikutana kutabaki pengo jembamba pale sururu zilipopiga. Linajazwa kwa udongo laini. Dada Brashi ana brashi za kila namna na visu vidogo vya kila namna, lakini nimelitazama pengo lile, Shangazi, na naona ni kazi ya kidole. Atajua nasema nini.

Mimi nina matumaini, usidhani nimekata tamaa. Juzi dereva wa trekta alipita hapa, akasimama dirishani upande wa Chini, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akasema kama mtahitaji trekta la kubebea, halina upande. Nikamwambia kinyozi wako anakusalimu. Akacheka, akaingiza mkono dirishani akamgusa wajina wako kichwani, akasema, "Huyu asiende kwa yule bwana." Kwa hiyo watu wanaanza kucheka tena, ila kicheko kimebadilika, kimekuwa cha chini chini.

Nisalimie mzee wako na redio yake. Msalimie binamu fundi cherehani, mwambie lile gauni bado linanitosha nikishika pumzi. Wasalimie mapacha, najua hawanikumbuki, wape tu kila mmoja tofaa kwa jina langu. Mama anakusalimu sana, anasema ukija uje na ile dawa, goti lake nalo limeanza. Mume wangu anasema shikamoo, na anaomba usimwonyeshe mtu yeyote pale nilipoandika habari za bata.

Mungu akulinde hapo ulipo, akusimamishie hilo goti, akufungulie njia uje umwone wajina wako kabla hajajifunza kukimbia, na mikono yako isikose cha kubeba. Mimi mwanao nikupendaye nitakuwa hapa, kila asubuhi nikilainisha mchanga kwenye trei, kwa sababu nimejiambia hata baba akikataa mpaka siku ya mwisho, mchanga lazima

Ngoja Shangazi. Mtoto ameacha kupiga beseni, amegeuza kichwa. Mbwa wameanza. Kuna kitu kinalia kwenye kilima, kinakaribia, na mume wangu ananiita huko nje kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, anasema nije, nije na mtoto, nimtoe hivyohivyo alivyo, Baba yuko mlangoni na toroli, kitu amekifunika kwa koti lake, amevua kofia, ana uzi mweusi kidoleni, na anauliza